Mashindano ya poka mtandaoni: namna ya kucheza tangu kujisajili hadi meza ya fainali

Mwongozo huu unahusu Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau, mchezo ambao ndio hutumika katika mashindano mengi ya mtandaoni: kila mchezaji ana karata mbili zake, na tano hufunguliwa mezani kwa wote. Nachukulia kwamba tayari unajua ngazi za karata: jozi hushindwa na tatu zinazofanana, mfuatano hushindwa na flashi, na kadhalika. Kama bado unababaika hapo, zikariri kwanza.

Tofauti kati ya mashindano na meza ya pesa taslimu ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye meza ya pesa, chipu ya dola moja ni dola moja saa zote, na unaweza kuinuka ukaondoka nayo. Kwenye mashindano huwezi kuziuza chipu zako. Zinageuka pesa pale tu wenzako wanapotolewa wewe ukiwa bado umekaa. Tena blaindi, yaani dau mbili za lazima (ndogo na kubwa) ambazo wachezaji wawili huweka kwa zamu kabla ya kila mgao, hazikusubiri. Zinapanda kila baada ya dakika kadhaa, hivyo rundo lililokuwa la kujivunia saa mbili zilizopita sasa linaweza kuwa makombo. Kwa hiyo, kabla ya kujiuliza kama karata zako ni nzuri, jiulize mambo mawili: nina chipu za blaindi kubwa ngapi, na nikitolewa sasa hivi napoteza nini?

Hatua ya 1: Tenga mtaji

Hakikisha sheria ya unakoishi inaruhusu mchezo huu na kwamba umetimiza umri unaotakiwa. Kisha tenga pesa ambayo hata ikiisha yote, kodi na ada za shule hazitaguswa. Pesa hiyo ndiyo mtaji wako, na kiingilio cha shindano moja kisizidi sehemu moja ya mia ya mtaji huo. Kwa mashindano yenye maelfu ya washiriki, mimi ningeshuka hadi sehemu moja ya mia mbili.

Tahadhari hii ina sababu. Kwa kawaida wanaolipwa ni asilimia 10 hadi 15 ya washiriki, na sehemu kubwa ya zawadi inaenda kwa nafasi chache za juu. Hata mchezaji hodari hutoka mikono mitupu mara nyingi mno kuliko anavyolipwa, kisha siku moja anashika nafasi ya pili na kufidia miezi mizima. Mwenye mtaji wa viingilio kumi hafiki siku hiyo.

Angalia pia ada ya waandaaji. Kiingilio kinapoandikwa 10 + 1, kumi inaenda kwenye zawadi na moja kwa tovuti. Ada ikizidi sehemu ya kumi, tafuta shindano lingine. Na usigeuze akaunti yako kuwa benki. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilifungua mashtaka dhidi ya tovuti kubwa za poka, na baadaye ikabainika kwamba Full Tilt Poker haikuwa na pesa ya kuwalipa wachezaji wake wote walichokuwa wameweka. Wachezaji wa Marekani walianza kurudishiwa chao mwaka 2014. Weka kwenye tovuti kiasi cha kuchezea, kinachozidi kitoe.

Hatua ya 2: Soma muundo kabla ya kubonyeza

Fungua ukurasa wa shindano, tazama chipu za kuanzia na dakika za kila ngazi ya blaindi. Ngazi za dakika 10 hadi 15 zinakupa muda wa kusoma watu. Turbo, yenye ngazi za dakika tano hivi, inakusukuma haraka kwenye hesabu za rundo fupi. Anayeanza ningemshauri achague ngazi ndefu na washiriki wachache, tuseme wasiozidi mia tatu, ili afike mwishoni mara nyingi zaidi na ajifunze huko.

Aina nyingine zina mantiki yake. Katika mashindano ya kufuzu, zawadi ni tiketi ya shindano kubwa, na tiketi zote ni sawa. Chris Moneymaker alipita njia hiyo mtandaoni, akaingia kwenye shindano kuu la World Series of Poker la mwaka 2003 lenye washiriki 839, akashinda dola milioni 2.5. Kwa kuwa wa kwanza na wa mwisho kufuzu wanapata kitu kilekile, ukishakuwa na chipu za kutosha kufuzu hakuna sababu ya kuziongeza. Kuna wakati hata jozi ya ree inatupwa, na kuitupa ni sahihi kabisa.

Katika mashindano ya zawadi za vichwa, sehemu ya kiingilio, mara nyingi nusu, inawekwa juu ya kichwa chako. Ukimtoa mtu, aina iliyozoeleka zaidi inakupa nusu ya thamani ya kichwa chake papo hapo, na nusu nyingine inaongezwa juu ya kichwa chako. Tuseme dola 5 zimeenda kwenye zawadi za kawaida, 5 kwenye kichwa, na kila mtu ameanza na chipu 10,000. Kumtoa mchezaji mmoja mapema kunakupa dola 2.50, ambazo kwa thamani ya wakati huo ni sawa na chipu 5,000 zaidi kwenye poti, yaani jumla ya chipu zinazogombewa katika mgao. Kwa hiyo lipia dau la mtu aliyeweka chipu zake zote kwa karata dhaifu kidogo kuliko kawaida, mradi chipu zako zinafika zake au kuzizidi. Zikiwa pungufu, huwezi kumtoa.

Hatua ya 3: Mwanzoni, cheza karata chache kwa nafasi nzuri

Unaanza na blaindi kubwa mia moja au zaidi. Blaindi ni ndogo mno kuzipigania, na ante (dau dogo la lazima linaloongezwa juu ya blaindi) mara nyingi bado hazijaingia. Unachotafuta ni poti kubwa dhidi ya mtu asiyejua kutupa jozi moja.

Ukiwa miongoni mwa wa kwanza kuamua, pandisha kwa jozi kubwa, ree na kingi, ree na kwini, na chache nyingine za kiwango hicho. Ukikaa karibu na nafasi ya mgawaji, panua: jozi zote, ree yoyote yenye mwenzake wa alama moja (kwa mfano zote kopa), karata zinazofuatana za alama moja. Nafasi ya mgawaji ina faida kubwa kwa sababu baada ya karata za mezani kufunguliwa unaamua wa mwisho, ukiwa umeshaona kila mtu amefanya nini.

Jozi ndogo hutoa tatu zinazofanana kwenye flopu, yaani karata tatu za kwanza kufunguliwa mezani, mara moja tu katika kila mara nane na nusu hivi. Lipia kwa lengo hilo pale tu wewe na mpinzani mnapokuwa na angalau mara 15 ya unachotakiwa kulipa. Mkiwa na pungufu ya hapo, utakachovuna siku ukiipata hakifidii zile mara zote ulizoikosa.

Karata nne za alama moja baada ya flopu zina uwezekano wa asilimia 35 wa kukamilika kufikia karata ya tano. Kwa karata moja inayofuata ni asilimia 19 tu. Wengi wanakariri namba ya kwanza wakasahau ya pili, kisha wanalipa dau kubwa mara mbili mfululizo.

Tumia kipindi hiki kusoma meza. Nani anaingia kila mgao? Nani amekaa dakika ishirini bila kugusa chipu? Karata zinapoonyeshwa mwishoni mwa mgao, zitazame hata kama wewe hukuwemo, na uandike neno moja mbili kwenye sehemu ya maelezo ya mchezaji. Anayefungua meza nne kwa mpigo hana muda wa kufanya hivyo, kwa hiyo anza na moja, au mbili tu.

Hatua ya 4: Ante zikiingia, anza kuiba

Ante inabadilisha kila kitu. Chukua blaindi 100 na 200, na ante ya 200 kwa meza nzima. Kabla ya yeyote kuamua, tayari kuna chipu 500 mezani. Ukipandisha hadi 400 kutoka nafasi ya mgawaji, unahatarisha 400 kupata 500, kwa hiyo wapinzani wakitupa karata mara 45 kati ya 100 umeshapata faida, bila kuhesabu mara ambazo utalipiwa na bado ukashinda. Ndiyo maana siku hizi wachezaji wazoefu hupandisha mara mbili ya blaindi kubwa au zaidi kidogo tu. Kupandisha mara nne ni kulipa ghali kwa bidhaa ileile.

Sasa geuza upande. Wewe ndiye blaindi kubwa na mtu amepandisha hadi 400. Poti ina 900, nawe unatakiwa kuongeza 200. Unahitaji kushinda asilimia 18 tu ya poti ya 1,100 ili usipate hasara kwenye malipo hayo. Karata nyingi zinafikia hapo, kwa hiyo usitupe kiholela. Hata hivyo, ukikosa kila kitu kwenye flopu, achia.

Ukipandisha, ukalipiwa na mtu mmoja, dau la theluthi ya poti baada ya flopu linahitaji kufanikiwa mara moja tu katika nne. Litumie pale flopu inapofanana na karata ambazo wewe ungepandisha nazo, kwa mfano ree na karata mbili ndogo za alama tofauti. Kwenye flopu ya nane, tisa na kumi za alama mbili, mkwara huo unakuwa hafifu, kwa sababu flopu ya namna hiyo humwangukia zaidi yule aliyelipia kwa karata za kati. Wala usimpige mkwara mtu asiyetupa karata. Mtu wa namna hiyo hulipishwa kwa karata nzuri.

Hatua ya 5: Chini ya blaindi 20, jifunze kuweka zote

Hapa ndipo mashindano mengi ya mtandaoni yanaamuliwa, na hapa ndipo nakuomba usome polepole.

Ukiwa na blaindi 15 hadi 20, silaha yako kubwa ni kumjibu aliyepandisha kwa kuweka zote. Mtu aliye karibu na mgawaji akipandisha hadi blaindi 2.2, pamoja na blaindi na ante poti ina takriban 4.7. Wewe una 18. Akitupa, rundo lako linakua kwa zaidi ya robo bila karata hata moja kufunguliwa. Chagua mtu anayepandisha mara kwa mara, na ushike karata zisizofa kabisa ukilipiwa: jozi za kati, ree yenye mwenzake mzuri, kingi na kwini.

Ukifika blaindi 10 au pungufu, acha kupandisha kidogo. Chaguo lako liwe kuweka zote au kutupa. Ukipandisha hadi mbili kisha ukatupa baada ya kujibiwa, umetoa sehemu ya tano ya uhai wako bure.

Tazama hesabu moja kwa utulivu. Blaindi ni 500 na 1,000, ante ya meza ni 1,000, nawe una chipu 10,000 kwenye nafasi ya mgawaji. Wote wametupa. Umeshika kingi na tisa. Tuseme kila mmoja wa wawili waliobaki atalipia kwa asilimia 15 ya karata anazoweza kupata. Wote wawili watatupa karibu mara 72 katika 100, na kila mara hiyo unapata 2,500. Hapo una wastani wa chipu 1,800. Mara 28 zilizobaki utalipiwa, na utakuwa nyuma, tuseme na asilimia 36 ya kushinda poti ya takriban 21,700. Hiyo ni 7,800 dhidi ya 10,000 ulizoweka, hasara ya 2,200, ambayo ikizidishwa kwa mara hizo 28 inakuwa kama 600. Jumla umebaki na faida ya chipu 1,200 hivi kwa karata ambazo wengi wangezitupa bila kufikiri. Faida imetokana na wapinzani kutupa, si na ubora wa karata zako.

Kwa hiyo anayeweka zote wa kwanza ana njia mbili za kushinda, wakati anayelipia ana moja tu. Weka zote kwa karata nyingi, lipia kwa karata chache. Ukiwa na blaindi 10 kwenye meza ya watu tisa, dira yangu ni hii. Kutoka nafasi ya kwanza: jozi za sita kwenda juu, ree na kumi kwenda juu, kingi na kwini za alama moja. Kutoka nafasi ya mgawaji: jozi zote, ree zote, kingi nyingi, na karata za alama moja zinazofuatana. Kutoka blaindi ndogo, wote waliotangulia wakiwa wametupa: zaidi ya nusu ya karata zote. Ree ina thamani ya ziada hapa, maana ukiishika wewe, namna ambazo mpinzani anaweza kuwa na jozi ya ree zinapungua kutoka sita hadi tatu.

Usisubiri jozi ya ree ije kukuokoa. Huja mara moja katika migao 221. Ukiwa na blaindi 10, mzunguko mmoja wa meza kwa blaindi na ante unakula 2.5, robo nzima ya ulichonacho. Ukishuka hadi blaindi tatu, hata ukiweka zote hakuna atakayeogopa. Fanya uamuzi ukiwa bado na rundo linalotisha.

Hatua ya 6: Kwenye kizingiti cha malipo, badilisha bei ya chipu zako

Nafasi za kulipwa ni 90 na mmebaki 93. Kuanzia hapa chipu unayopoteza ni ghali kuliko chipu unayopata. Wachezaji hutumia hesabu iitwayo ICM, inayogeuza marundo yote yaliyobaki kuwa thamani ya pesa kulingana na zawadi.

Chukua mfano mdogo. Mmebaki wanne, kila mmoja na chipu sawa. Zawadi ni 50, 30 na 20, wa nne hapati kitu. Kila mmoja sasa ana thamani ya 25. Mmoja anaweka zote, nawe unafikiria kulipia. Ukishinda utakuwa na nusu ya chipu zote, na thamani yako itakuwa 38.3, wala si 50. Ukishindwa, sifuri. Unahatarisha 25 kufikia 38.3, kwa hiyo unahitaji kushinda asilimia 65, si 50. Ree na kingi dhidi ya karata mbili zozote ina takriban asilimia 65, na dhidi ya karata ambazo mtu kweli huwekea zote iko chini ya hapo. Itupe.

Na wale wawili waliotulia? Kila mmoja amepanda kutoka 25 hadi 30.8 bila kugusa karata. Wawili wakigongana, pesa inahamia kwa wanaotazama. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini mwenye rundo kubwa hutawala kipindi hiki: anaweza kukutoa, wewe huwezi kumtoa.

Utekelezaji wake unategemea rundo lako. Ukiwa na kubwa, pandisha karibu kila mara dhidi ya wenye marundo ya kati, kwa kuwa hao ndio wenye mengi ya kupoteza. Muache mwenye rundo kubwa mwenzako, na usimsumbue aliyebaki na blaindi mbili ambaye atalipia chochote. Ukiwa na la kati, kaa mbali na anayeweza kukutoa, na uwaibie walio wadogo kuliko wewe. Ukiwa na dogo kabisa, hesabu wangapi ni wadogo zaidi. Wakiwepo watatu watakaoliwa na blaindi kabla yako, kaza. Kama wewe ndiye mdogo kuliko wote, weka zote kwa karata ya kwanza inayofaa, kwa kuwa kusubiri hakukupi kitu.

Zawadi ya chini kabisa mara nyingi ni mara moja na nusu au mbili ya kiingilio. Ukijificha kila mara ili kuipata, ukafika hapo na blaindi nne, umejinyima nafasi ya zile zawadi za juu zinazobeba sehemu kubwa ya pesa. Ukishavuka kizingiti, legeza tena. Wengi watakuwa wanaweka zote ovyo kwa furaha ya kulipwa, na ndio wakati wa kuwalipia kwa karata imara.

Hatua ya 7: Meza ya fainali

Hesabu ileile ya kizingiti inarudi, safari hii kwa kila mtu anayetoka. Fungua jedwali la zawadi uliweke kando ya meza. Tofauti kati ya nafasi ya tisa na ya nane ikiwa ndogo, usiifukuzie. Kati ya ya tatu na ya kwanza huwa kubwa, hapo pambana.

Wakati mwingine wachezaji hupendekeza kugawana. Mgao kwa uwiano wa chipu humpendelea mwenye rundo kubwa, na mgao wa ICM humlinda mwenye dogo. Jua wewe ni yupi kabla ya kubonyeza kukubali.

Mkibaki wawili, anayegawa ndiye blaindi ndogo: anaanza kuamua kabla ya flopu, na baada yake anaamua wa mwisho. Pandisha kwa karata nyingi sana ukiwa katika nafasi hiyo. Jozi yoyote hapo ni karata kubwa.

Hatua ya 8: Kesho yake, pitia migao

Wakati wa mchezo weka alama kwenye migao iliyokutatiza. Siku inayofuata, akili ikiwa imetulia, pakua historia na uiingize kwenye kikokotoo cha kuweka zote au cha ICM. Vipo vya bure. Vitumie nje ya mchezo tu: tovuti hukataza msaada wa programu wakati unacheza, na adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa akaunti na kunyang'anywa salio.

Pitia hasa migao uliyotupa ukiwa na blaindi 8 hadi 15. Karata uliyolipia ikashindwa utaikumbuka mwenyewe, ila ile uliyotakiwa kuwekea zote ukaitupa haiachi jeraha lolote, na hujirudia usiku mzima bila kuonekana. Andika kosa moja linalojirudia zaidi, libandike kando ya skrini, na usipande kiingilio hadi upitie mashindano kadhaa bila kulikuta tena.